Mti wa Sokotra wenye ukoo na tango: je, kisiwa ndicho kilichouumba?

Familia ya mimea inayotupatia boga, tango, tikitimaji, mung'unye na dodoki ina spishi zinazokaribia elfu moja, na mkulima yeyote anaijua tabia ya jamaa hizo bila kufundishwa na mtu. Shina lao ni jembamba na lina maji mengi, hutambaa ardhini au hukwea ua, na hujishikiza kwa vikono vinavyojizungusha kwenye chochote kilicho karibu. Katika familia nzima, spishi moja tu imeachana kabisa na maisha hayo na kusimama wima kama mti wenye gogo nene na matawi juu. Spishi hiyo huota katika funguvisiwa la Sokotra, nchini Yemen, na haioti porini mahali pengine popote duniani. Wanasayansi huiita Dendrosicyos socotranus, na wenyeji wanaosema Kisokotri huiita qamhin.

Habari za mti huu zinapoandikwa, mara nyingi huelezwa kwa sentensi moja ya haraka: tango lilifika kisiwani, likakosa washindani, likageuka kuwa mti. Maelezo hayo yanavutia na ni rahisi kukumbukwa, lakini naamini yanachanganya mambo matatu ambayo yangepaswa kutazamwa moja baada ya jingine. La kwanza ni namna mmea wa familia hii unavyoweza kusimama bila kuegemea kitu. La pili ni umri wa ukoo wake ukilinganishwa na umri wa kisiwa chenyewe. La tatu ni iwapo kuishi kisiwani ndiko kulikoufanya kuwa mti, au kisiwa kiliuhifadhi tu baada ya jamaa zake kutoweka kwingineko. Mambo haya yakishatenganishwa, ile hadithi ya haraka inapoteza nguvu zake nyingi, na mahali pake panaingia habari iliyo ngumu zaidi na, kwa maoni yangu, iliyo nzuri zaidi.

Tuanze na mti wenyewe jinsi unavyoonekana. Gogo lake ni pana chini na hupungua kadiri linavyopanda, gome lake ni jeupe lenye kuelekea kijivu, na miti iliyokomaa huwa na kipenyo kinachoweza kufikia mita moja, ilhali urefu wake kwa kawaida ni wa mita chache tu. Juu ya gogo hilo zito kuna matawi membamba yanayoning'inia, kana kwamba ni ya mmea mwingine. Majani yake yanakaribia kuwa ya mviringo, yana meno madogo pembezoni na vinyweleo vigumu vinavyokwaruza mkono, na yeyote aliyewahi kuchuma majani ya boga atautambua ukali huo mara moja. Maua ni ya manjano. Maua ya kiume na ya kike ni tofauti lakini huota kwenye mti mmoja, kama ilivyo kwa boga na tango. Tunda ni dogo, lenye urefu wa sentimita 5 hivi, hutoka likiwa la kijani na likiiva huwa jekundu la rangi ya tofali. Kwa hiyo ukiangalia jani, ua na tunda, huna sababu ya kushangaa kwamba mti huu uliwekwa katika familia ya maboga. Kinachoshangaza ni gogo.

Gogo hilo liliwashangaza wageni mapema. Luteni James Raymond Wellsted, ofisa wa jeshi la majini la India ya Waingereza aliyekipima kisiwa mwaka 1834, aliutaja mti huu kwa jina la wenyeji, akaeleza kwamba mwili wake ni laini kiasi kwamba unaweza kukatwa kwa kisu cha kawaida. Miaka 46 baadaye, mwaka 1880, Isaac Bayley Balfour, aliyekuwa profesa wa botania huko Glasgow, alikwenda Sokotra kukusanya mimea, na ndiye aliyeupa mti jina la kisayansi linalounganisha maneno ya Kigiriki ya mti na tango. Kitabu chake kikubwa kuhusu mimea ya Sokotra kilitoka mwaka 1888. Ushahidi wa kisu cha Wellsted, ingawa ulikuwa wa msafiri na si wa mtaalamu wa mimea, unagusa kiini cha swali letu la kwanza.

Mbao tunazozijua, za mninga au mvule kwa mfano, zimejengwa kwa nyuzi nyingi zenye kuta nene zilizokazwa kwa lignini, kitu kinachozipa mbao ugumu, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba uzito wa mti. Ndani ya qamhin hali ni nyingine. Sehemu kubwa ya gogo lake imejaa seli hai zenye kuta nyembamba, ambazo wataalamu huziita parenkima, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji na chakula. Mishipa ya kupitisha maji ipo, tena ni mipana, lakini imetawanyika katikati ya tishu hiyo laini badala ya kushikana na kuwa nguzo moja ngumu. Kinachosaidia kulisimamisha gogo ni wingi wa mwili wake pamoja na shinikizo la maji yaliyomo ndani ya seli, ambazo zikijaa hukaza. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu katika mbuyu, ambao nao si jamaa wa maboga hata kidogo, lakini umefika kwenye ujenzi unaofanana: gogo nene, mbao laini zenye maji, na seremala asiyekuwa na la kufanya nalo.

Sasa swali linakuwa: ujenzi huu umetoka wapi? Mark Olson, mtaalamu wa anatomia ya mimea, aliuchunguza mti huu katika makala iliyochapishwa mwaka 2003, akautazama kama mfano wa mti mnene uliotokana na mababu waliokuwa wakikwea. Hoja hiyo inaeleweka vizuri tukikumbuka mahitaji ya mmea unaokwea. Mmea wa namna hiyo hautumii nguvu zake kujenga nyuzi za kubeba uzito, kwa sababu uzito wake unabebwa na mti mwingine. Unachohitaji ni shina linalopinda bila kuvunjika na mishipa mipana ya kufikisha maji mbali. Mafungu ya mishipa hutenganishwa na tishu laini, na tishu hiyo ndiyo inayoliwezesha shina kujikunja na kujipinda bila mishipa kukatika. Ukoo wa mmea kama huo ukianza kuishi mahali pa ukame na kuongeza unene, haulazimiki kubuni ujenzi mpya. Ile tishu laini iliyokuwa ikitumika kwa ajili ya kupinda inaongezeka na kuwa ghala la maji. Kwa maneno mengine, qamhin haukuacha urithi wa familia yake ili uwe mti. Umekuwa mti kwa kutumia urithi huohuo.

Hapa inafaa kutaja jamaa mmoja anayejulikana vizuri kwetu, yaani mkweme, Telfairia pedata, ambao asili yake ni Afrika Mashariki. Mkweme hukwea miti mirefu hadi kufikia mita 20 au zaidi, hudumu kwa miaka mingi, na shina lake la chini huwa nene na la mti hasa. Katika mitaa ya Kilimanjaro hupandwa karibu na nyumba, na mbegu zake zenye mafuta, kweme, hupewa mama aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Yeyote aliyeona shina la mkweme wa zamani hawezi kukubali kwamba familia ya maboga haijui kutengeneza ubao. Inajua, na jamaa zake kadhaa hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba mkweme bado unategemea mti wa jirani kuubeba, na qamhin haubebwi na yeyote wala hauna vikono vya kushikia.

Wako pia jamaa wengine katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania ambao hawapewi sifa wanazostahili. Momordica rostrata, wa ukoo wa karibu na mkarela, huwa na bonge nene la shina lililochomoza juu ya ardhi, na kutoka kwenye bonge hilo hutoka vijiti vinavyokwea wakati wa mvua. Gerrardanthus macrorhizus wa kusini mwa Afrika hufanya vivyo hivyo, na bonge lake huweza kuwa kubwa kuliko ndoo. Mimea hii imegawanya kazi mara mbili: sehemu nene ya kuhifadhi inabaki chini, na sehemu nyembamba ya kukwea inaota upya. Nikiitazama, naona kwamba umbali uliopo kati yake na mti wa Sokotra si mkubwa kama tunavyoambiwa. Bonge likirefuka kwenda juu badala ya kubaki usawa wa ardhi, na vijiti vikikaa juu yake kama matawi, umbo la qamhin linaanza kuonekana.

Swali la pili, la umri, linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoteleza. Mwaka 2009, Hanno Schaefer, Christoph Heibl na Susanne Renner walichapisha utafiti wa DNA uliohusisha karibu jenasi zote, yaani makundi ya spishi zenye undugu wa karibu, za familia ya maboga. Walionyesha kwamba chimbuko la familia ni Asia, na kwamba katika muda wa takriban miaka milioni 60 mimea hii imevuka bahari na kuota upande wa pili angalau mara 43, jambo linaloeleweka kwa familia ambayo matunda yake mengi huelea. Katika utafiti huo, ukoo wa Dendrosicyos ulionekana kuwa umejitenga na jamaa zake wa karibu takriban miaka milioni 22 iliyopita, muda ambao watafiti waliuona kuwa karibu mara mbili ya umri wa Sokotra kama kisiwa.

Kuna kitu kinachohitaji kuelezwa kuhusu kisiwa chenyewe. Visiwa si vya aina moja. Komoro, kwa mfano, ni visiwa vilivyotokana na volkano, vilivyotokeza baharini vikiwa vitupu, na kila kiumbe kilichoko huko mababu zake walifika kwa upepo, kwa mawimbi, kwa mabawa au kwa chombo cha binadamu. Sokotra ni kipande cha bara. Kilikuwa kimeungana na kusini mwa Arabuni, jirani na Dhofar ya leo nchini Oman, kisha Ghuba ya Aden ilipofunguka kwa mwendo wa polepole wa mabamba ya dunia, kipande hicho kikaachwa baharini, leo kikiwa takriban kilomita 240 mashariki ya Rasi Guardafui, ncha ya Pembe ya Afrika. Milima ya Hajhir iliyo katikati yake, yenye vilele vya itale vinavyofikia takriban mita 1,500, ni miamba ya zamani sana ya bara. Kipande kama hicho hakianzi maisha ya kisiwa kikiwa kitupu, maana kinaondoka na mimea yake. Miti ya ubani ya Sokotra na ile ya Dhofar ni ya jenasi moja, na undugu huo unalingana na historia hiyo ya ardhi.

Basi ikiwa ukoo wa qamhin una miaka milioni 22 na kisiwa kina takriban nusu ya hiyo, maana yake ni nini? Maana moja ni ya hakika: mgawanyiko uliouzaa ukoo huu haukutokea kwa sababu ya kisiwa, kwa kuwa kisiwa hakikuwapo. Mababu zake waliishi kwingine, yamkini Arabuni au Pembe ya Afrika, kisha ama walisafiri pamoja na kipande cha ardhi kilipokuwa kikijitenga, ama walivuka bahari baadaye. Waliobaki bara walikufa wote, na tunachokiona Sokotra leo ni tawi la mwisho la ukoo uliokuwa na makao mapana zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo tarehe hiyo haisemi, nami nalisisitiza kwa sababu limeachwa katika maandishi mengi. Miaka milioni 22 ni umri wa kutengana na jamaa walio hai. Si umri wa gogo. Tarehe ya namna hii inapatikana kwa kulinganisha DNA za mimea inayoishi leo, na inaonyesha lini njia za mababu zao ziliachana. Haituonyeshi umbo la babu huyo. Inawezekana aliyekuwa akiishi bara miaka milioni 22 iliyopita alikuwa mti tayari, na inawezekana alikuwa mkwezi kama jamaa zake, ambaye wazao wake walisimama wima baadaye sana, hata baada ya kisiwa kujitenga. Jamaa wa karibu waliopo katika kabila la Coniandreae, kundi dogo ndani ya familia ambamo wataalamu wameuweka mti huu, hawasaidii kuamua: Kedrostis na Corallocarpus wa Afrika Mashariki ni wakwezi, Seyrigia wa Madagaska ni wakwezi wenye mashina mazito yasiyo na majani ya kuonekana, na Gurania na Psiguria wa Amerika ya kitropiki nao ni wakwezi. Mti ni mmoja tu.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la tatu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, aliona kwamba visiwa vina miti na vichaka vya koo ambazo bara ni majani madogo tu, akafikiri kwamba mmea mdogo uliofika mahali pasipo na miti hufaidika ukirefuka kuliko wenzake. Baada yake wataalamu wamependekeza sababu nyingine, zikiwemo hali ya hewa isiyo na baridi kali ya kuua mimea kila mwaka, na katika miaka ya karibuni wachunguzi wa mimea ya Visiwa vya Kanari wameelekeza macho kwenye ukame. Mifano ya kweli ya jambo hili ni mingi: Echium ya Kanari, Scalesia ya Galápagos, jamaa za alizeti zilizokuwa miti katika kisiwa cha Saint Helena. Kwa sababu mifano ni mingi, ni rahisi kuutia mti wa Sokotra katika orodha hiyo bila kuuchunguza.

Kwa maoni yangu, hauingii vizuri. Sokotra ina mimea mingi yenye mashina manene, na ukiitazama yote kwa pamoja unaona kwamba unene huo ni tabia ya ukanda mzima mkavu wa Pembe ya Afrika na kusini mwa Arabuni, wala haukuzuiliwa na bahari. Waridi la jangwa, Adenium, ambalo Sokotra lina gogo kubwa la kuvutia, lina mashina manene pia Yemen bara, Somalia na Kenya. Miti ya manemane ya maeneo hayo huhifadhi maji katika mashina yake. Kama unene ungekuwa zao la kisiwa, tusingeukuta upande wa pili wa bahari katika koo zisizo na uhusiano. Sababu inayounganisha mimea hii yote ni mvua chache zinazokuja kwa msimu na kukatika kwa miezi.

Na Sokotra msimu ni mkali kwelikweli. Mabaharia wa pwani yetu walizijua pepo hizi mbili kama mkulima anavyojua shamba lake. Kusi huvuma hapo kati ya Juni na Septemba kwa nguvu inayokifanya kisiwa kuwa kigumu kufikiwa kwa chombo, nayo ni pepo inayokausha tambarare za chini. Kaskazi ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya mvua. Milima ya juu hunyonya ukungu na hubaki na unyevu, na ndiko unakoota mti wa damu ya joka, Dracaena cinnabari, unaojulikana zaidi kwa picha zake. Qamhin hauishi huko. Makao yake ni tambarare na miteremko ya chini, kwenye mawe ya chokaa, pamoja na vichaka vya Croton socotranus na Jatropha unicostata, mahali ambapo mmea usio na akiba ya maji hauna nafasi. Gogo lake ni jibu la hali hiyo.

Kazi ya kisiwa, kwa hiyo, naiona kuwa ya mlinzi zaidi kuliko ya muumbaji. Bara lilipitia mabadiliko makubwa ya hali ya hewa, na lilikuwa na mifugo na wanyama wakubwa wala majani wa kila namna. Mti laini uliojaa maji, usio na miiba ya kutosha, ungekuwa chakula chepesi wakati wa kiangazi. Sokotra, kwa muda mrefu sana kabla ya binadamu kufika, haikuwa na mnyama mkubwa wa asili wa kula majani.

Hapo ndipo habari ya mti huu inapokutana na habari ya watu. Wafugaji wa Sokotra wana mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na kwa vizazi vingi wameutumia qamhin kama akiba ya mwisho: kiangazi kikizidi na malisho kwisha, mti hukatwa, gogo lake hukatwakatwa vipande na kupondwa, na mifugo hulishwa. Si busara kuwalaumu. Mfugaji anayewaona mbuzi wake wakianguka hana ghala jingine, na ujuzi wa kutumia mti huu umeokoa familia nyingi. Isitoshe, wafugaji hao walikuwa na taratibu za kuhamisha mifugo na kupumzisha malisho, na mti huu umeishi nao kwa karne nyingi chini ya taratibu hizo.

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye mti mkubwa bali kwenye mche. Mti uliokomaa huinua majani yake mbali na mdomo wa mbuzi, lakini mche wa mwaka mmoja hauna kinga, na mahali mbuzi wanapozurura mwaka mzima bila mchungaji miche huliwa kabla haijapata shina. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miongo mingi bila mgeni kuigundua, kwa sababu miti mikubwa bado inaonekana imesimama. Tathmini ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ya mwaka 2004 iliuweka mti huu katika kundi la spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka (Vulnerable). Sokotra iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ikielezwa kuwa na spishi 825 za mimea ambazo asilimia 37 hazipatikani kwingine. Mwezi Novemba 2015 vimbunga viwili, Chapala na Megh, vilikipiga kisiwa ndani ya muda wa siku chache, na mwaka 2018 kikaja Mekunu. Miti mingi ya kale iling'oka, na mti unapong'oka mahali pasipo na miche nafasi yake haijazwi.

Dawa yake inajulikana, na si ya gharama kubwa. Mbegu za qamhin huota, na mti huu umekuzwa katika bustani za mimea nje ya Yemen. Kisiwani kwenyewe, vitalu vya miche na ua wa mawe au wa waya unaozuia mbuzi kwa miaka ya mwanzo, hadi shina linapokomaa na majani kuinuka, vinatosha kuvusha kizazi kipya, alimradi wafugaji wenyewe ndio wanaoamua ua ujengwe wapi na malisho gani yaachwe wazi kwa mifugo yao wakati wa kiangazi.